Karatasi Iliyokutwa Mfukoni mwa Fundi wa Mianzi

Kwa siku sita swali moja lilininyima usingizi: je, marehemu anaweza kuharibiwa jina zaidi na yule anayejaribu kumtetea? Habari ya kifo chake ilitufikia Butembo mwanzoni mwa juma lililopita, kwa simu ya dereva wa lori aliyekuwa Beni. Fundi aliyepamba nyumba za watu kwa mtindo wa Kichina na Kijapani, yule mwenye karakana ndogo mtaani Kimemi, alikuwa ameuawa katika shamba la kakao nje ya Beni, pamoja na wakulima waliokuwa wakivuna. Asubuhi ile majirani walijaa kwa mke wake, na kilio kikasikika hadi barabarani. Jioni kilio kilikatika, kwa maana ilifika habari ya pili. Katika mfuko wake kulikutwa mchele, chumvi, kamba mpya, na karatasi yenye maandishi ambayo hakuna askari wala raia aliyeweza kuyasoma, pamoja na mistari, mishale na namba. Picha ya karatasi hiyo ikaanza kutembea simu kwa simu. Nanyi wasomaji mnaoishi huku mnajua jinsi tunavyopiga hesabu: wauaji hutoka msituni na kurudi msituni, kwa hiyo lazima yupo mtu anayewapelekea chakula. Basi waliokuwa wakimlilia wakasimama mmoja mmoja, wakakung'uta vitenge vyao, wakaenda zao. Kesho yake fundi hakuhesabiwa tena miongoni mwa waliouawa. Alihesabiwa upande wa wauaji. Na karatasi ile niliichapisha mimi, kwa printa.

Nieleze jinsi tulivyofahamiana, kwa sababu hatukuwa marafiki, na sitaki kujipa cheo ambacho sikuwa nacho alipokuwa hai. Nilimaliza chuo kikuu miaka miwili iliyopita. Tangu hapo nafundisha saa chache hapa na pale, naandika safu hii, na siku zilizobaki nakaa katika kibanda cha binamu yangu tunakochapisha barua za watu na kutoa nakala. Fundi aliingia humo siku moja akiwa na vumbi la mbao kwenye nyusi, akasimama nyuma yangu kama mtu anayemchunguza mwanafunzi wake. "Petit," akasema, "tafuta mu internet manyumba ya Bajaponé. Mais hapana ile ya batajiri. Ile ya batu ba kawaida." Nikamuuliza, "Grand, sasa nitajuaje kama ni ya watu wa kawaida?" Akacheka. "Utaona tu. Ya batajiri iko na bintu mingi." Tulikaa karibu saa nzima. Kila picha aliitazama kwanza pembeni, kwenye maungio ya mbao, kisha ndipo katikati. Nilimwonyesha sebule moja yenye joka jekundu la kuchongwa ukutani, akarudisha kichwa nyuma. "Toa. Nyoka yenye miguu, mu salon ya Mukristu?"

Alikuwa mtu wa Kasugho, seremala wa milango na vitanda, aliyekimbilia mjini na mke wake baada ya vijiji vya jirani kuchomwa. Hakuwahi kuvuka mpaka hata mmoja. Kazi hii mpya ilimpata kwa sababu wafanyabiashara wetu wamezoea kwenda Guangzhou kama babu zao walivyozoea kushuka na maharagwe sokoni, na mtu akilala mwezi mzima katika hoteli za kule hurudi na picha kwenye simu na hamu ya nyumba tulivu. Fundi aliwapa nyumba hiyo kwa vitu vya hapa. Pale ambapo Wajapani hutumia karatasi ya mchele kwenye milango ya kuteleza, yeye alibandika karatasi nyembamba ya wachora ramani, mwanga wa saa tisa ukaingia laini kama maziwa. Rangi nyeusi inayong'aa aliipata kwa kuchanganya vanishi na masizi ya sufuria, tabaka juu ya tabaka, akisugua kila tabaka kwa jani gumu. Mawe ya kijivu aliyaokota mtoni, taa za karatasi alizisuka kwa waya wa mabanda ya kuku. Nilimwambia kwamba watu wa huko Asia wana falsafa ndefu juu ya nafasi tupu. Akanijibu kwamba yeye hana falsafa, ila anajua kuwa mtu akimaliza kununua viti vyote, huwa hana tena mahali pa kukaa.

Nyumba yake ya kwanza ya namna hiyo ilimletea aibu ambayo alipenda kuisimulia. Mteja alitaka sebule ya chini kabisa: meza inayofika magotini, mikeka, mito myembamba, hakuna kochi, hakuna kabati la vyombo. Fundi akatoa makochi yote nje, akayapanga uani ili yauzwe, akatandika mikeka safi, akafungua milango ili vanishi ikauke. Sasa fikirini jirani anapita. Anaona viti vya nyumba vimetolewa nje, mikeka imetandikwa sebuleni, mlango uko wazi, ndani kimya. Kwetu hilo lina maana moja tu. Kabla ya saa sita wanawake walikuwa wamekwisha kuingia na unga na kuni, wengine wakilia tangu getini, na mzee mmoja alishavua kofia na kumshika fundi mkono. "Pole sana, baba. Nani njo amekufa?" Fundi, ambaye hakutaka kumwaibisha mzee, akajibu, "Hapana mutu, Mzee. Tunapamba tu." Mzee akatazama mikeka, akatazama viti vilivyo nje, akasema, "Munapamba matanga?" Tangu siku hiyo fundi aliweka kiti kimoja kirefu karibu na mlango wa kila nyumba aliyoipamba, na wateja walipolalamika kwamba kinaharibu mtindo, aliwaambia kuwa majirani pia ni sehemu ya mtindo.

Niliwahi kuandika katika safu hii, kwa kejeli kidogo, nikiuliza inakuwaje watu wa mji uliozungukwa na habari za vifo wanatumia fedha kununua ukimya wa Kijapani. Leo naona aibu. Nilifikiri ni majivuno ya wenye fedha. Fundi aliisoma makala ile, akaja kibandani, hakukasirika. Alisema wateja wake wengi humwambia jambo lilelile: wanataka chumba kimoja ambamo macho hayagongi kitu. Watu wetu wamechoka machoni. Wanapita vizuizi vya barabarani, wanafunguliwa mizigo, wanaulizwa wanatoka wapi na wanaenda kwa nani, na wao pia wamejifunza kuwatazama wenzao hivyohivyo, mfuko kwanza, uso baadaye. Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, yaani haumwelemei yule asiyeubeba. Siku hizi mzigo wa mwenzio ni ushahidi. Tunausoma kutoka mbali, na tukishausoma hatuna haja ya kumuuliza mwenyewe.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Mwezi uliopita mama mmoja mfanyabiashara, mwenye maduka mjini na malori kwenye barabara ya Beni, aliniita pamoja na fundi nyumbani kwake. Mimi niliitwa kwa sababu ya kompyuta tu. Alitaka ukuta mzima wa sebule ufunikwe kwa mianzi, na tayari alikuwa amechagua mianzi ya plastiki kutoka China, ya kijani kibichi kama chupa. Fundi alikuwa ameridhika. Plastiki ingekuja na kontena, yeye angeipigilia, kazi ingekwisha. Mimi ndiye nilifungua mdomo. Nilikuwa nimesoma juzi juzi kwamba roho ya mtindo ule ni vitu vya asili, nikasema, "Mama, plastiki itauvunja mtindo wote. Mianzi iwe ya kweli, iliyokomaa, na ifungwe kwa kamba bila misumari." Nilisema hivyo kwa sababu nilitaka waone kwamba nimesoma. Mama akanitazama, akamtazama fundi. "Iko wapi, ya kweli?" Fundi akafikiri. Alijua kichaka cha mianzi minene, iliyopandwa zamani na mwenye shamba fulani la kakao nje ya Beni. "Iko," akasema polepole. "Mais njia ya kule hapana muzuri." Mama akasema tusubiri hali itulie. Baada ya majuma mawili watu walianza kurudi mashambani kuvuna, na fundi akaona hali imetulia.

Siku moja kabla ya safari alikuja kibandani tutafute namna ya kufunga mianzi bila misumari. Tukapata ukurasa wa Kijapani, michoro ya vifundo, hatua moja hadi ya tisa, mishale ikionyesha kamba inapita wapi. Hatukuweza kusoma hata herufi moja. "Haina neno," akasema, "kamba haisemi Kijapani." Nikachapisha. Akaandika pembeni kwa penseli idadi ya mashina anayohitaji na urefu wake. Mchele na chumvi vilikuwa chakula chake na cha wakataji wawili aliokusudia kuwakodi huko, kwa siku tatu. Hiyo ndiyo siri yote ya mfuko ule. Lakini kwa mtu anayeogopa, vifundo ni njia panda, mishale ni mwelekeo wa mashambulizi, namba ni watu.

Nilipoona picha kwenye simu yangu, jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kufuta faili kwenye kompyuta. La pili lilikuwa kuirudisha. Kisha nikaenda kwa yule mama, nikiamini kwamba neno la mtu mwenye jina litafika mbali kuliko langu. Alinipokea uani, akiwa amesimama. Nilimwomba aseme tu kwamba fundi alikwenda kukata mianzi ya nyumba yake. Akashusha sauti. "Mwanangu, malori yangu inapita pale kila juma. Bakiandika jina yangu pamoja na ile pori, kila barière itafungua kila balo ya mizigo. Madereva yangu batapigwa. Utabalipia?" Nikasema, "Mama, lakini mjane wake watu wamemkimbia." Akajibu, "Najua. Nitamutumia kitu." Kisha akaongeza: "Na mi nilitaka plastique, unakumbuka?" Simlaumu kama nilivyokusudia kumlaumu nilipokuwa njiani. Mtu mwenye madereva kumi ana hofu kumi. Lakini nilitoka pale nikiwa nimebaki peke yangu na jambo hili.

Wanaonifahamu wanajua kwamba siwezi kuvuka barabara bila kufikiria pande nne. Nilijiambia nikisema, watanikamata, kwa kuwa mwenye karatasi ameshakufa na aliyeitengeneza yuko hai. Nilijiambia kuwa huenda ushahidi wangu ukaonekana kama njama, kijana msomi na seremala na maandishi ya kigeni, hivyo nikamzamisha fundi zaidi. Nilijiambia kwamba uvumi huchoka wenyewe, na kwamba labda Wajapani wenyewe, sijui kwa njia gani, wangeitambua karatasi yao. Mama yangu mzazi, nilipomfunulia jambo hili, aliendelea kuchambua maharagwe bila kuinua macho. "Kinywa yako iko na diplôme," akasema, "mais shingo yako hapana." Nilishukuru kwa maneno yale kuliko nilivyopaswa kushukuru. Yalinipa siku mbili zaidi za kutofanya kitu.

Siku ya sita nilisikia kwamba wana-shirika, wale wa jumuiya ndogo ya kanisa ambao husali kwa kila msiba wa mtaa, wameahirisha sala kwa fundi "mpaka mambo ieleweke," na kwamba mtoto wake mkubwa amerudi kutoka shule akiwa ameitwa jina ambalo siliandiki hapa. Nikaenda kwa mjane. Alikuwa sebuleni na dada yake tu. Alinijua sura. Nilimweleza yote, tangu kompyuta hadi plastiki, na nilipofika kwenye maneno yangu kwa yule mama mfanyabiashara nilitaka kuyapunguza, nikashindwa. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Donc ni weye njo ulitaka mianzi ya kweli," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Yee alikuwa anakubali plastique."

"Ndiyo."

Dada yake akaanza kunifokea kwa Kinande, akanielekeza mlango. Mjane akamnyamazisha kwa mkono. Nilingoja anitukane, na kwa kweli nilitaka anitukane, maana ningepata kuondoka na adhabu yangu. Hakunipa. Alivaa viatu. "Kulia nitalia kesho," akasema. "Simama. Tuende kwa chef."

Ofisi ya chef wa mtaa ni chumba kimoja chenye benchi na meza, na siku hiyo palikuwa na watu saba wakingojea mambo yao ya mipaka na vibali. Hatukuomba faragha. Mjane alisema waziwazi kwamba amekuja kwa ajili ya karatasi ya mume wake, na wale saba wakaacha kuzungumza. Mzee mmoja akanong'ona, kwa sauti ambayo wote tuliisikia, "Huyu njo bibi ya ule wa pori." Nikaifungua kompyuta niliyokuwa nimeibeba tangu kibandani, nikaonyesha ukurasa. Chef akatoa simu yake, akalinganisha picha na ukurasa, mstari kwa mstari. "Ni moja," akasema. "Mais nani ananihakikishia hii lugha inasema nini? Inaweza kusema bintu yoyote." Nilianza kueleza juu ya Japani, nikajisikia nikizungumza kama mwalimu wa saa ya mwisho, na nikaona nyuso zikifungwa. Ndipo mjane akasimama, akachukua ufagio wa ofisi uliokuwa nyuma ya mlango na mwavuli wa mtu mmoja bila kuomba ruhusa, akavipishanisha msalaba juu ya meza ya chef. "Kamba," akasema. Mtu akampa kamba ya kufungia baiskeli. Usiku wa kuamkia safari ndiye aliyemshikia mume wake vipande alipojaribu vifundo vile, ingawa neno lake peke yake hakuna aliyelisikiliza. Akaweka kidole kwenye hatua ya kwanza ya mchoro, akafunga. Hatua ya pili, akafunga. Alipumua kwa nguvu kama anayepanda mlima. Alipofika hatua ya tisa aliinua ufagio, na mwavuli ukainuka nao, ukakaa imara, na kifundo kilifanana na mchoro kama mtu na picha yake. Akamkabidhi chef. "Tikisa." Chef akatikisa. Yule mzee wa benchi akatazama, kisha akavua kofia.

Sitawadanganya kwamba mji mzima umeamini. Jana nimesikia mtu sokoni akisema kwamba hata wauaji wanajua kufunga kamba. Fundi amezikwa Beni, haraka, na wengine, na mke wake hajaliona kaburi. Kilichobaki mikononi mwetu ni jina lake tu, na jina la mtu wa Kimemi leo linaweza kufa katika simu kabla mwili haujapoa. Nimejifunza jambo moja juu yangu, na nadhani si langu peke yangu miongoni mwa tuliosoma: sehemu kubwa ya kile nilichokiita tafakari ilikuwa kungoja mtu mwingine aseme. Fundi alitazama maungio kwanza, kisha akafanya kazi. Mimi nilitazama pande zote nne ili nisifanye.

Chef alichukua karatasi ya maelezo, akaandika polepole kwa mkono. Alipofika katikati akaniuliza nani aliyeagiza mianzi. Mjane akageuka kunitazama. Ningeweza kutaja nyumba ya yule mama, na usingekuwa uongo. "Mteja alitaka ya plastiki," nikasema. "Mimi ndiye niliyesema iwe ya kweli." Chef akainua kalamu. "Unajua hii itapanda mpaka kwa bakubwa, na bataweza kukuita Beni?" Nikasema najua. Alinisogezea karatasi. Nikaandika majina yangu yote matatu, anwani ya nyumbani, na namba ya simu, nikatia saini. Mjane akaomba nakala mbili, moja yake na moja ya wana-shirika. Nilikwenda kuzitoa mimi mwenyewe.